Vipuri, mafundi na hesabu: Umahiri wa mchambuzi huonekana kabla mashine haijasimama

BASI la abiria linapokaa yadi kwa siku 10, mara nyingi si kwa sababu fundi ameshindwa kulitengeneza. Kazi yenyewe ya kufungua kifaa kilichoharibika na kufunga kingine huweza kumalizika kwa saa nne tu. Siku zote zinazobaki gari hilo huwa linasubiri kipuri ambacho hakimo bohari, kibali cha kukinunua, au chombo cha kupimia ambacho hakuna aliyekumbuka kukiagiza siku gari liliponunuliwa.

Kwa abiria anayesubiri kituoni, tofauti hiyo haina maana; anachojua ni kwamba basi halikuja. Kwa taasisi inayomiliki basi hilo, tofauti hiyo ndiyo kiini cha taaluma nzima ambayo wataalamu huiita uchambuzi wa usaidizi wa kilojistiki. Kwa lugha nyepesi, ni kazi ya kukaa chini mapema, ikiwezekana kabla mkataba wa ununuzi haujasainiwa, na kubainisha kila kitakachohitajika ili mashine iendelee kufanya kazi kwa miaka yote itakayotumika.

Swali linalowakabili waajiri wengi ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: atajulikanaje mtu anayeiweza kweli kazi hiyo? Cheti huonyesha kwamba mhusika alisoma. Barua ya ajira huonyesha kwamba alikuwapo kazini. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachothibitisha kwamba orodha ya vipuri aliyoiandika itawaepusha abiria na adha ya kusubiri.

Kazi inayofanyika kabla ya tatizo

Mchambuzi huanza kwa kuitazama mashine kama mkusanyiko wa vifaa vinavyoweza kuharibika. Kwa kila kifaa huuliza kinaweza kuharibika kwa namna gani, kikiharibika kitasababisha madhara gani, na kama dalili zake zinaweza kuonekana mapema. Taa ya ndani ya basi ikiungua, safari huendelea. Kompresa ya upepo wa breki ikifa, gari halisogei.

Kutokana na majibu hayo hupatikana maamuzi ya aina tatu. La kwanza ni lipi litashughulikiwa kwa matengenezo kinga na lipi litaachwa hadi liharibike. La pili ni ngazi ya ukarabati: kifaa kitengenezwe yadini, kipelekwe karakana kuu, kirudishwe kwa mtengenezaji, au kitupwe. La tatu ni rasilimali, yaani idadi ya vipuri, vifaa vya kazi, vitabu vya maelekezo, mafunzo ya mafundi, majengo, na namna ya kusafirisha na kuhifadhi.

Ikumbukwe kwamba maamuzi hayo hutegemeana. Taasisi ikiamua kukarabati kifaa yenyewe, itahitaji vipuri vichache zaidi kutoka nje, lakini italazimika kuwa na fundi aliyefunzwa, meza ya kupimia na haki ya kupata michoro ya mtengenezaji. Mtu anayepanga idadi ya vipuri bila kujua karakana inaweza nini, huyo hachambui, anakisia.

Taaluma hii ilikomaa jeshini. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango kilichojulikana kwa namba MIL-STD-1388, na toleo lake la mwaka 1983 liliigawa kazi hiyo katika majukumu 15 yaliyopangwa katika mafungu matano. Kiwango hicho kilifutwa mwaka 1996, lakini mantiki yake iliendelea. Viwanda vya ndege vya Ulaya na Marekani baadaye vilitoa mwongozo wao uitwao S3000L, na njia zilezile sasa hutumika katika mashirika ya ndege, reli na mitambo ya umeme.

Sababu ya jeshi kujishughulisha na jambo hilo ni fedha. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani (GAO) imekuwa ikieleza kwamba takriban asilimia 70 ya gharama za silaha katika maisha yake yote hutokana na kuiendesha na kuitunza. Bei inayotangazwa siku ya kusaini mkataba ni sehemu ndogo tu ya safari.

Hata hivyo, hata anayeandika kanuni anaweza kujikwaa. Septemba 2023 ofisi hiyo iliripoti kuwa ndege za kivita za Marekani aina ya F-35 zilikuwa tayari kwa kazi kwa kiwango cha asilimia 55 tu mwezi Machi mwaka huo. Vifaa zaidi ya 10,000 vilikuwa vikisubiri kukarabatiwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuchelewa kuanzishwa kwa karakana, uhaba wa vipuri na ukosefu wa data za kiufundi, mambo ambayo yote ni ya uchambuzi huu. Ndege yenye teknolojia ya juu kabisa ilikwamishwa na maswali ya bohari.

Hesabu inayomtenganisha mjuzi na mkisiaji

Ili kuelewa umahiri unaozungumzwa, chukulia mfano wa kufikirika wa kampuni yenye mabasi 100, kila moja likitembea kilomita 200 kwa siku. Tuseme kumbukumbu zinaonyesha kwamba kompresa moja huharibika, kwa wastani, kila baada ya kilomita 40,000. Mabasi yote kwa pamoja hutembea kilomita 20,000 kwa siku, hivyo kompresa moja itakufa kila baada ya siku mbili.

Iwapo kompresa mpya huagizwa nje na huchukua siku 90 kufika, basi katika kipindi cha kusubiri zitaharibika kompresa 45. Mtunza ghala asiye na mafunzo ataweka 45 na kuamini amemaliza kazi. Lakini 45 ni wastani, na wastani huvukwa karibu nusu ya nyakati. Kampuni inayotaka uhakika wa asilimia 95 kwamba kipuri hakitakosekana italazimika kuwa na 56 hivi.

Mchambuzi anayejua kazi haishii hapo. Atauliza kama kompresa hizo zinaweza kukarabatiwa hapa nchini. Tuseme zinaweza, na karakana huchukua siku 10 kwa kila moja. Hesabu ya haraka itasema kwamba wakati wowote kutakuwa na kompresa tano karakana, na kwamba tisa bohari zinatosha kwa uhakika uleule. Kutoka 56 hadi tisa ni nafuu inayomvutia mkurugenzi yeyote wa fedha.

Hapo ndipo mtego ulipo, kwani si kila kifaa hukarabatika. Ikiwa kompresa mbili kati ya kila 10 hufika zikiwa zimepasuka mwili na kutupwa, hizo lazima ziagizwe upya na kusubiriwa siku 90. Hesabu kamili huwa nne zilizo karakana na tisa zilizo njiani, jumla 13, na kwa uhakika wa asilimia 95 zitahitajika 19. Aliyesema tisa atakuwa ameokoa fedha kwenye karatasi na kuyaacha mabasi yadini kabla ya mwaka kuisha.

Athari zake zinapimika. Gari lililofanya kazi siku 30 kisha likasimama siku 10 kusubiri kipuri lina upatikanaji wa asilimia 75. Lilelile, likisimama siku moja tu kwa kuwa kipuri kimo bohari, hufikia karibu asilimia 97. Katika kampuni ya mabasi 100, pengo hilo ni zaidi ya mabasi 20 yasiyoonekana barabarani.

Ushahidi unaokubalika

Katika mifumo ya mafunzo inayozingatia umahiri, mtu hahesabiwi kuwa mahiri kwa sababu amejibu maswali darasani, bali kwa sababu ameonyesha kwa vitendo kwamba anaifanya kazi kwa kiwango kinachotakiwa mahali pa kazi. Kwa fundi wa kuchomelea jambo hilo si gumu. Hupewa vyuma viwili, akaunganisha, na kiungo kikapimwa. Kwa mchambuzi ni tofauti, kwa kuwa kazi yake ni uamuzi, na matokeo ya uamuzi huo huenda yakaonekana baada ya miaka miwili.

Ndiyo maana upimaji wake huegemea mkoba wa ushahidi. Australia, ambayo mfumo wake wa mafunzo ya ufundi hujengwa juu ya vipimo vya umahiri, huutaka ushahidi wa namna hiyo utimize masharti manne: uwe unahusu kazi inayopimwa, uwe wa kutosha, uwe wa mhusika mwenyewe, na uwe wa karibuni. Masharti hayo yanaeleweka popote, na yakitumika kwa mchambuzi hupata sura ya pekee.

Kuhusu kazi inayopimwa, orodha ya vipuri iliyonakiliwa kutoka kitabu cha mtengenezaji haithibitishi uchambuzi. Mtengenezaji aliandika akifikiria barabara na hali ya hewa anazozijua yeye. Ushahidi unaofaa ni ule unaoonyesha jinsi mhusika alivyoirekebisha orodha hiyo kulingana na vumbi, joto, mzigo na umbali wa mahali mashine inapotumika, na sababu za kila badiliko.

Kuhusu utoshelevu, kazi moja haitoshi. Mtathmini makini atataka kuona angalau kifaa kinachokarabatiwa na kile kinachotupwa, chenye kuagizwa nje na kinachopatikana mtaani, chenye kuhatarisha usalama na kisichohatarisha. Mtu anaweza kuwa hodari wa hesabu za vichujio vya mafuta, vitu vinavyotumika kila wiki, akashindwa kabisa mbele ya gia boksi inayokufa mara moja kwa miaka mitano.

Sharti la tatu ndilo gumu zaidi. Uchambuzi hufanywa na timu: mhandisi, mafundi, mtunza ghala, mhasibu na ofisa ununuzi. Ripoti yenye sahihi ya mkuu wa idara inaweza kuwa imeandikwa na kijana wa mafunzo kazini. Njia ya kulibaini hilo ni mahojiano ya ana kwa ana, ambapo mtathmini hubadilisha sharti moja na kumtaka mhusika aeleze nini kitabadilika. Muda wa kuagiza ukitoka siku 90 hadi 150, itakuwaje? Aliyeifanya kazi hiyo ataanza kujibu kabla swali halijaisha. Aliyeisaini tu ataomba muda wa kupitia mafaili.

Sharti la nne, la usasa, linatokana na ukweli kwamba mashine hubadilika. Mtu aliyepanga vipuri vya vichwa vya treni vya dizeli kwa miaka 20 ana hazina kubwa ya maarifa, lakini reli ya kisasa ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na baadaye kufika Dodoma mwaka huohuo, ina vifaa vya kielektroniki ambavyo havitoi moshi wala kelele kabla ya kufa. Misingi ya uchambuzi ni ileile. Data na namna ya kuharibika ni mpya.

Pengo kati ya uhandisi na ugavi

Nchini Tanzania zipo taasisi zinazoshughulikia vipande vya umahiri huu. Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, hutahini na kusajili wataalamu wa ununuzi na ugavi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi, na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) husimamia ubora wa vyuo na mitaala. Kwa upande wa ndege, fundi hawezi kuidhinisha ndege irudi angani bila leseni.

Tatizo ni kwamba uchambuzi huu umekaa mpakani. Mhandisi anajua kifaa kitaharibikaje lakini haoni leja ya ghala. Ofisa ugavi anajua kiasi kilichobaki lakini hajui kwa nini kompresa za mwaka huu zinakufa mapema kuliko za mwaka jana. Kila mmoja ana cheti halali, na katikati yao hakuna mwenye jukumu la kuuliza swali linalowaunganisha.

Zaidi ya hapo, katika karakana nyingi maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wasio na cheti chochote. Fundi aliyekaa yadi moja miaka 15 aghalabu anajua ni kifaa gani kitaombwa wiki ijayo, lakini ujuzi wake haumo katika kumbukumbu yoyote na siku akistaafu huondoka nao. Serikali kwa kushirikiana na VETA imekuwa ikiendesha mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo mafundi waliojifunzia kazini hupimwa na kupewa vyeti. Mantiki hiyohiyo ya kupima anachoweza mtu, badala ya alikosoma, inamfaa pia mtunza ghala au fundi anayeweza kuonyesha kwa daftari lake kwamba makadirio yake yalitimia.

Daftari hilo ni jambo la msingi. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii msemo huo ni kanuni ya kiufundi. Uchambuzi hutegemea kumbukumbu za kweli: kifaa kilifungwa lini, kilikufa baada ya kilomita ngapi, kwa sababu gani. Pale fundi anapoandika "mbovu" bila maelezo zaidi, au anapofungua kipuri kwenye gari moja na kukifunga kwenye jingine bila kuandika popote, hesabu nzuri kuliko zote hujengwa juu ya mchanga. Mchambuzi mahiri hutambulika pia kwa namna anavyozihoji data zake kabla ya kuziamini.

Funzo la injini

Mfano ulio karibu na wasomaji ni wa ndege aina ya Airbus A220-300. Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) lilipokea ya kwanza Desemba 2018, na hadi kufikia mwaka 2021 zilikuwa nne. Katika mwaka 2022 na 2023 baadhi ya ndege hizo zilisimama kwa muda mrefu kutokana na matatizo ya injini zilizotengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, ambazo zilihitaji kushushwa kwa matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tatizo halikuwa la Tanzania peke yake. Mashirika kama airBaltic la Latvia na Swiss la Uswisi nayo yaliathirika, na Egyptair la Misri liliamua kuuza ndege zake zote 12 za aina hiyo.

Hakuna mchambuzi wa shirika lolote ambaye angeweza kuiondoa kasoro ya kiwandani. Lakini tukio hilo linaonyesha aina ya maswali ambayo umahiri wake hupimwa kwayo. Ndege ni mpya sokoni, je, makadirio ya maisha ya injini yametokana na safari halisi au na majaribio ya mtengenezaji? Injini ya akiba iwepo, na kwa gharama ya nani? Karakana zinazoweza kuifungua ni ngapi duniani, na foleni yake ikirefuka, nani atapewa nafasi kwanza? Mkataba unasema nini kuhusu fidia ya siku ambazo ndege haikuruka?

Maswali hayo yana nguvu yakiulizwa kabla ya sahihi kuwekwa, kwa sababu wakati huo muuzaji bado anamhitaji mnunuzi. Yakiulizwa baadaye, huwa ni malalamiko.

Mwajiri afanye nini

Kwa taasisi inayotaka kumjua mchambuzi wake, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Ichukue makadirio yaliyoandikwa miaka miwili iliyopita na kuyalinganisha na yaliyotokea. Vipuri vingapi vilikosekana vilipohitajika? Vingapi vimekaa rafuni bila kuguswa, vikila mtaji na kutu? Kukosea si kosa la kumfukuzisha mtu kazi, kwa kuwa makadirio ni makadirio. Kinachotafutwa ni kama mhusika alirudi kuangalia, akajua alikosea wapi, na akarekebisha hesabu za mwaka uliofuata.

Hatua ya pili ni kumpa nafasi katika kamati ya ununuzi mapema, badala ya kumkabidhi mashine ikiwa imekwishafika bandarini. Mchambuzi anayeitwa baada ya mashine kushushwa hawezi tena kubadilisha muda wa dhamana, kudai michoro, wala kuomba mafundi wafunzwe kiwandani. Kumlaumu kwa vipuri visivyokuwapo ni sawa na kumlaumu mpishi kwa sokoni ambako hakutumwa.

Hatua ya tatu ni kumsikiliza pale anaposema hapana. Kipimo cha mwisho cha umahiri katika kazi hii si ripoti nene wala programu ya kompyuta yenye rangi nyingi. Ni uwezo wa kusimama mbele ya wakubwa waliokwishaipenda mashine fulani na kuwaeleza, kwa takwimu, kwamba bei yake ni nzuri lakini hawataweza kuitunza, kisha kuonyesha ni kiasi gani kingehitajika ili waweze.

Taasisi inayomwadhibu mtu kwa maneno hayo itabaki na wachambuzi wenye vyeti, wanaotia sahihi haraka. Na abiria wataendelea kusimama kituoni, wakitazama upande ambao basi lilipaswa kutokea.